Nilivyochagua TV ya inchi 55 kwa shilingi 1,200,000

Bajeti ilikuwa shilingi 1,200,000, na ndani yake kila kitu: TV yenyewe, breketi ya ukutani, kinga ya umeme, waya wa HDMI na usafiri kutoka Kariakoo hadi Tabata, hapa Dar es Salaam. Kwa hela hiyo hupati kila kinachotangazwa kwenye boksi, kwa hiyo niliamua mapema pesa iende wapi. Niliamua iende kwenye kioo. Usmati, yaani TV kuingia intaneti na kufungua programu, unaongezwa baadaye kwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, sauti inaweza kutoka kwenye sabufa iliyopo nyumbani, lakini kioo kibaya utaishi nacho mpaka siku TV inaondoka sebuleni.

Nilianza na futi kamba. Kutoka ukutani hadi machoni pangu nikiwa nimekaa kwenye kochi ni mita 2.8. Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona: inchi 43 ni sentimita 109, inchi 50 ni 127, inchi 55 ni karibu 140. Kanuni ninayoitumia ni kwamba umbali wa kukaa uwe kati ya mara 1.6 na mara 2.5 ya huo mshazari. Kwa mita 2.8 hiyo inatoa kuanzia inchi 44 hadi 69. Kwa hiyo 43 iko chini kidogo ya mpaka, 50 na 55 zinakaa vizuri, na 65 ingefaa kabisa ila bei yake ilikuwa nje ya uwezo. Kioo cha inchi 55 kina upana wa sentimita 122 na kimo cha 68.5, bila fremu. Kama utaiweka juu ya meza, pima pia meza, kwa sababu TV nyingi kubwa siku hizi zina miguu miwili iliyo karibu na ncha. Meza ya sentimita 100 iliyobeba chogo miaka yote hiyo haitafika kwenye miguu ya inchi 55.

Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye inchi 55, ukikaa mbali zaidi ya mita 2.2 hivi, jicho la kawaida halitenganishi vizuri tena pikseli (nukta zinazounda picha) za 4K, yaani 3840 kwa 2160, na za Full HD, yaani 1920 kwa 1080. Mimi nakaa mita 2.8, kwa hiyo neno 4K peke yake halikuwa sababu ya kuongeza hata elfu hamsini. Bado nilichukua ya 4K, kwa kuwa TV mpya za ukubwa huo karibu zote ni 4K, na ile inayouzwa rahisi sana kwa jina la "Full HD" mara nyingi ina kasoro nyingine. Kinachoonekana kutoka kwenye kochi ni weusi kuwa mweusi kweli, mwanga kuwa sawa kioo kizima, na picha kutofifia ukikaa pembeni.

Lakini hata hiyo 4K lazima uihakikishe. Kuna maboksi yameandikwa 4K kwa herufi kubwa, na ukisoma maandishi madogo unakuta maana yake ni kwamba TV inapokea video ya 4K kisha inaipunguza, huku kioo chenyewe kikiwa cha 1366 kwa 768. Kuchomeka laptop na kusoma "3840 × 2160" hakutoshi, maana TV inaweza kuipokea ishara hiyo na kuibana ndani. Kipimo ninachokiamini ni rula. Weka picha nyeupe kioo kizima, shika rula ya plastiki mbele ya kioo bila kukikandamiza, sogeza simu karibu na upige picha. Ukiikuza utaona seti za nukta nyekundu, kijani na bluu. Kila seti ni pikseli moja. Hesabu zilizomo ndani ya sentimita 1 kwenda upande. Kwenye inchi 55 ya 4K zinakuwa 31 au 32, Full HD zinakuwa 16, na HD ya kawaida ni 11 tu. Kwenye inchi 50 ni 35, 17 na 12. Kwenye inchi 43 ni 40, 20 na 14. Kazi yote haizidi dakika mbili, na hakuna stika inayoweza kuidanganya rula.

Picha hiyohiyo inakuonyesha aina ya kioo. Nukta zikiwa zimepinda kama mshale mdogo, kwa kawaida hicho ni IPS; zikiwa vijistatili vilivyosimama, ni VA. VA ina weusi mzito zaidi, kontrasti yake, yaani tofauti kati ya weupe na weusi, ni 3000:1 na kuendelea, wakati IPS iko karibu na 1000:1. Ubaya wa VA ni kwamba ukikaa pembeni rangi zinapauka. Kwangu kochi linatazama TV moja kwa moja na usiku taa huzimwa, kwa hiyo VA ilikuwa jibu rahisi. Sebule yenye viti pande zote, ambako nusu ya watu wanatazama kwa pembe, inahitaji IPS. Usitegemee namba ya modeli pekee kukuambia, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo tofauti. Pima ileile utakayobeba.

Nilikwenda na flashi yenye picha sita za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na kijivu. Unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwenye programu yoyote ya kuchora. Niliongeza na kipande cha mechi chenye ubora wa juu. Faili lisizidi GB 4, maana flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 hailipokei. Muuzaji makini hatakataa. Anayekataa kuwasha TV anayotaka kukuuzia, hamia duka la pili.

Nyeusi inaonyesha mwanga unaovuja. Omba taa ya dukani ipunguzwe au funika kwa mkono, kisha angalia kona nne. TV nyembamba sana huwa na taa pembezoni mwa kioo, na ndizo zinazovuja zaidi kwenye kona. Zile nene kidogo zina mistari ya taa nyuma ya kioo kizima, na kwa bei hii mwanga wake husambaa sawa zaidi. Nyeupe na rangi tatu zinaonyesha pikseli zilizokufa. Picha niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi ni kijivu, ikifuatiwa na kijani, kwa sababu kijani ndiyo uwanja wa mpira. TV ya kwanza niliyojaribu ilionekana safi kabisa kwenye video ya maonyesho ya duka, yenye maua na samaki wa rangi. Nilipoweka kijivu, kulikuwa na mistari mitatu ya wima iliyofifia, mmoja karibu katikati. Kamera ya mechi inapokimbiza mpira kutoka goli hadi goli, mistari ile inabaki palepale huku nyasi zikipita nyuma yake, na ukishaiona mara moja hutaacha kuiona. Niliirudisha kwenye boksi. Ya pili, modeli ileile, ilikuwa safi.

Kisha nikaomba wachomeke king'amuzi. Video ya duka ni ya 4K, lakini chaneli nyingi tunazotazama ni za ubora wa kawaida, yaani mistari 576, na TV inalazimika kuzikuza hadi 2160. Hapo ndipo TV mbili za bei moja hutofautiana sana. Tazama maandishi ya taarifa ya habari chini ya kioo: kingo zikiwa na vivuli au zikitetemeka, ujue ukuzaji wake ni dhaifu. Na nyumbani usitumie waya wa AV wenye vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Huo haupitishi HD kabisa. Tumia HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080i. Nimeona ving'amuzi vya HD vilivyobaki kwenye 576 tangu siku ya kufungwa, na lawama zote kikabeba kioo.

Kuhusu matundu ya nyuma, nilitaka HDMI zisizopungua tatu, moja ikiwa na ARC (inayotoa sauti ya TV kwenda kwenye spika za nje), na tundu la hedifoni la milimita 3.5. Tundu hilo dogo ndilo linalounganisha sabufa ya kawaida. TV nyingi mpya zimeliondoa na kuacha la optiko, na hapo utanunua kigeuzi ambacho hukukipangia bajeti. Kwa anayetumia antena bila king'amuzi, soma kama kuna DVB-T2, kipokezi cha matangazo ya dijitali ya antena. TV yenye DVB-T tu, ile ya zamani, haikamati matangazo ya DVB-T2. Anayetumia dishi kwa chaneli za bure atafute DVB-S2. TV iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina ATSC, mfumo wa matangazo wa huko, na mara nyingi inataka volti 120 peke yake, hata ikiwa rahisi vipi. Lebo ya nyuma iandikwe 100–240V au 220–240V.

Za mtumba kutoka Uingereza nilizitazama pia. Plagi na volti zake zinatufaa, lakini taa za nyuma zimeshatumika na huwezi kujua ni saa ngapi. Plasma za inchi 50 bei yake huvutia, ila zinaweza kula umeme mara tatu ya LED.

Usmati niliupa dakika tano. Tizen, webOS, VIDAA na Google TV ni mifumo inayoeleweka. Kwenye TV za bei ya chini mara nyingi utakuta Android tupu isiyo na kibali cha huduma kubwa za filamu, na hapo Netflix ama haifunguki ama inacheza kwa ubora wa chini hata kama kioo ni 4K. Ukikuta hivyo, na kioo ni kizuri, chukua kioo. Kumbuka pia bando: Netflix yenyewe inapendekeza Mbps 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K, na saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7. Na usilipie maneno kama "motion 200"; kioo cha bei hii ni cha Hz 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi.

Niliingia dukani mwenyewe. Winga, yaani dalali wa mtaani, akikupeleka, chake kinaongezwa juu ya bei, na hilo ni haki yake kwa kazi aliyofanya, lakini kama umeshajua modeli humhitaji. Bei ilianzia 1,080,000 ikaishia 980,000 kwa risiti ya EFD na waranti ya mwaka mmoja. Nilimwomba aandike namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya TV kwenye karatasi ya waranti. Kioo kilichopasuka hakiingii kwenye waranti, na bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV nzima, kwa hiyo ufa ni hasara yako yote. Breketi ilikuwa 35,000, kinga ya umeme 45,000, HDMI 10,000, kirikuu (gari dogo la mizigo) 15,000. Jumla 1,085,000, ikabaki 115,000.

Kwenye kirikuu boksi lilisimama wima, limefungwa kamba ubavuni. Usiilaze kamwe: uzito wa kioo na matuta ya barabarani hukutana katikati, na hapo ndipo kinapopasukia. Wakati wa kuitoa, watu wawili, mikono kwenye fremu ya chini na pembeni, vidole visiguse kioo.

Kabla ya kununua breketi soma VESA, yaani umbali wa matundu ya skrubu nyuma ya TV. Yangu ni 300 kwa 200. Skrubu zilikuwa M6. Ukuta ni wa tofali za saruji, nikatoboa tundu nne za milimita 10 zenye kina cha sentimita 6, nikapuliza vumbi lote kabla ya kuingiza plagi za plastiki zinazoshika skrubu, maana vumbi likibaki plagi inazunguka. Kitovu cha TV nilikiweka mita 1.05 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa. Wengi huitundika juu kama saa ya ukutani, shingo ikauma, na VA ikitazamwa kutoka chini inapauka.

Kinga ya umeme ni ya TV, ile inayokata umeme ukishuka au ukipanda na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Ya friji nayo inalinda, ila inasubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa, na hiyo TV haiihitaji.

Mwisho nilikwenda kwenye mipangilio. TV hutoka kiwandani ikiwa kwenye picha ya "Vivid" na taa za nyuma 100. Nilihamia "Movie", ukali wa kingo nikaushusha hadi 10, taa za nyuma 55. Hizi taa ndizo zinazokufa kwanza kwenye TV za bei nafuu. Vidude vyake vimeunganishwa kwa mfululizo, kimoja kikiungua mstari mzima unazima, na saketi inakata zote: sauti ipo, picha hakuna. Ukimulika tochi kwenye kioo utaona picha hafifu, na hapo fundi anabadilisha mistari ya taa tu. Madoa meupe ya duara nayo ni vilenzi vilivyobanduka juu ya taa hizo kwa joto. Zote mbili huja haraka ukiziacha kwenye 100.

Nilipima kwa mita ya plagi: kwenye 100 TV ilivuta wati 128, kwenye 55 ikavuta 79. Kwa saa sita kwa siku hiyo ni uniti 23 kwa mwezi dhidi ya 14. Kwa mteja wa D1, kundi la TANESCO la matumizi madogo ya nyumbani, ambaye bei yake nafuu inaishia uniti 75, uniti hizo tisa zinaweza kumvusha mpaka.