Tarehe ya Mpangaji wa Mwisho

Mwaka 2022 nilikabidhiwa kuuza jengo la ofisi mtaani Kilimani, Nairobi, kwenye ploti ya nusu ekari. Lilikuwa na wapangaji wanne na kodi ya shilingi 900,000 kwa mwezi. Anayenunua kwa ajili ya kodi, akitaka asilimia 9 kwa mwaka, angelipa milioni 120. Lakini kulia na kushoto maghorofa ya makazi yalikuwa yamekwisha kupanda, na ploti tupu ya ukubwa ule ilikuwa ikiitiwa milioni 180. Bei yetu basi ilitegemea siku ambayo mpangaji wa mwisho angetoka.

Kabla ya kumwonyesha mtu jengo, nilikusanya mikataba. Mitatu ilikuwa ya miaka 5 na miezi 3. Muda huo unapendwa na wenye majengo Nairobi kwa sababu Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wenye majengo na wapangaji wa biashara, humlinda mpangaji ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, au asiye na maandishi kabisa. Ila miwili ilimruhusu mwenye jengo kuivunja wakati wowote kwa notisi ya miezi 6, akitaka kujenga upya. Aliyeandika kifungu hicho alidhani anamsaidia mwenye jengo. Kumbe mkataba unaoweza kuvunjwa ndani ya miaka 5 ya mwanzo, bila kosa la mpangaji, hurudi chini ya ulinzi uleule.

Wa nne, mwenye duka la dawa chini, alilipa mwezi kwa mwezi bila karatasi yoyote.

"Huyu atatoka kwanza," mnunuzi alisema.

"La, ndugu yangu," wakili wetu akamjibu. "Huyu ndiye mgumu kuliko wote."

Barua ya kawaida haimtoi. Notisi huwa kwenye fomu maalumu, isipungue miezi 2, na itaje sababu inayokubalika kisheria. Kubomoa ni mojawapo, lakini mpangaji akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, na huko nia ya kubomoa lazima ithibitishwe: michoro, vibali, fedha.

Tukaona heri tuzungumze nao. Wote wanne walikubali kutoka kufikia Machi ya mwaka uliofuata kwa fidia, jumla milioni 6, na kurudishiwa amana zao siku ya kukabidhi funguo. Hati hizo zilikaa kwa wakili, zisianze kazi mpaka mauzo yakamilike. La sivyo, mnunuzi akijiondoa, mwenye jengo angebaki na vyumba vitupu. Ofa ikapanda kutoka milioni 145 hadi 172.

Tulibanwa na kalenda pia. Kodi ya faida ya mtaji, ile ambayo muuzaji huilipa serikali kwa faida ya mauzo, ilikuwa asilimia 5, na tangu Januari 1, 2023 ingekuwa 15. Tulisaini Septemba kwa amana ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Vyeti vya kutodaiwa reti za kaunti na kodi ya ardhi niliviomba wiki ileile, maana salio dogo la zamani huweza kukwamisha uhamisho mzima. Usajili ulikamilika katikati ya Desemba.

Milioni 10 za bei zilibaki mikononi mwa mawakili hadi Machi, duka la dawa lilipokabidhi ufunguo wake.