Nilivyofuatilia barua moja ya mwaka 1493

Kwa miaka mitatu nilifundisha safari ya Columbus nikihitimisha kwa sentensi ileile: "Habari zikaenea Ulaya." Siku mwanafunzi wa kidato cha pili aliponiuliza zilieneaje, sikuwa na jibu, na sikutaka kumzuga. Likizo ya Juni nikaamua kufuatilia barua moja tu.

Ina tarehe ya 15 Februari 1493. Columbus alikuwa bado baharini akirudi, akamwandikia Luis de Santángel, ofisa wa fedha aliyesaidia kupatikana kwa gharama za safari.

Nilianza vibaya. Nilipanga kila kitu kwa majina ya wafalme, habari ikakwama Hispania. Nikabomoa mpangilio, nikabandika ramani ya dunia ukutani, nikachukua pini na uzi mwekundu, nikawafuata wachapaji. Hapo uzi ulianza kukimbia. Barcelona, kwa Kihispania. Roma, kwa Kilatini cha Leandro de Cosco, tafsiri ya mwishoni mwa Aprili. Kisha, mwaka huohuo, Paris, Antwerp, Basel. Kilatini ndicho kilichovusha barua mipaka, kwa kuwa wasomi wa miji yote hiyo walikielewa. Waitaliano wa kawaida nao walitungiwa mashairi na Giuliano Dati, na sisi tunajua habari ikitiwa vina inavyoshika kichwani. Kijerumani kilingoja hadi 1497, Strasbourg.

Basel nilikaa sana. Toleo la huko lina picha ya chombo cha makasia mengi, cha Mediterania, ilhali Columbus alisafiri kwa tanga. Mchongaji alichora alichokizoea. Niliionyesha darasani bila kusema neno, nikangoja. Yule mwulizaji ndiye aliyeanza: "Mwalimu, bahari yote ile walipiga makasia?"

Kwa safari ya Vasco da Gama kwenda India nilitumia uzi wa buluu. Meli ya Nicolau Coelho, mmoja wa manahodha wake, ilipofika Lisbon Julai 1499, Girolamo Sernigi, mfanyabiashara wa Florence, aliandika kwao habari za bandari na bidhaa za India. Barua hiyo ilichapishwa Vicenza mwaka 1507; miaka yote hiyo kabla yake, habari zilipita mkononi mwa wafanyabiashara.

Uzi huo niliuanzia Lisbon. Juzi nimekuta mwanafunzi yule ameurudisha nyuma hadi Malindi, alikopewa da Gama rubani wa kumvusha hadi India mwaka 1498. Nimeuacha hapo.