Mtaa wa Conde Negro

Juzi mtoto wa kaka yangu katurushia video kwenye kundi la ukoo: mwanamke wa Kihispania anacheza, nyuma yake wanaume wanapiga makofi. Chini kaandika, "Shangazi, hawa mbona wanapiga kama kina bibi harusini?"

Jibu likawa refu, nikalihamishia hapa.

Ilikuwa Sevilla, mji wa Hispania, kiangazi kile kabla ya mapacha. Mwongoza watalii, binti mchangamfu, alitupa historia ya flamenko, ngoma ile ile ya kwenye video, huku anatembea: Wajipsi walioingia Hispania karne ya 15, Waarabu, Wayahudi, basi. Tukajitenga kutafuta kivuli, na ubavuni mwa kanisa dogo nikasoma kibao: Conde Negro. Kabaila Mweusi? Mzee mmoja wa baa ya jirani akaniona nimekodoa macho, akatuita mezani kwake. Kihispania anakijua Baba Pacha, mimi nilikuwa wa kutafsiriwa.

Huyo "Conde" ni Juan de Valladolid, mtu mweusi ambaye watawala Isabel na Fernando walimweka mwaka 1475 asimamie weusi wa Sevilla na kuamua kesi zao. Kanisa ni la chama chao cha kidini, cha tangu mwishoni mwa karne ya 14. Hesabu ya watu ya 1565 ilikuta watumwa zaidi ya 6,000 mjini, wengi wao weusi. Na siku za sikukuu waliruhusiwa kukusanyika wacheze.

Hapo mzee akaacha maneno. Akakunja ngumi, akaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, polepole. Mapigo kumi na mawili: la tatu akalitia uzito, la sita, halafu la nane, la kumi, la kumi na mbili. Soleá, akasema, mtindo mmoja wa flamenko. Akarudia, safari hii macho kafumba, na bilauri yake ikawa inasogea ukingoni kwa kila duru wala hakuna aliyeidaka. Ghafla akageuza: mapigo manne, mepesi, ya kiunoni. Tangos, mtindo mwingine. Hayo wengi huyafuatilia hadi Cuba, kupitia bandari ya Cádiz. Bega langu likaitika. Mzee akacheka, akasema neno, Baba Pacha akasita kulitafsiri.

"Anasema ni damu hiyo."

Nilifurahi, na nikakereka papo hapo. Weusi wa Sevilla walitolewa pande za Guinea, baadaye Kongo na Angola. Sisi bahari yetu nyingine. Bega langu limefunzwa na harusi za Ng'ambo. Lakini sikumkatalia, na mpaka leo sijui kama ni adabu au tamaa.

Kwa hiyo mwanangu, nikikwambia ni yetu nitakuwa mporaji. Nikikwambia haituhusu, nitakuwa nimeungana na yule binti na orodha yake fupi. Na sisi je? Tukiulizwa taarabu tunamtaja Sultani Barghash na Misri, tunameza mate. Waliopiga ngoma za kidumbaki uswahilini walikuwa wajukuu wa nani, hapo kila mzee anakumbuka ana shughuli. Mama mwenyewe, siku niliyomuuliza bibi yake aliletwa Unguja kutoka wapi, alinituma jikoni nikatazame wali usiungue.

Wali tulikuwa tumeshaula.