Podi yangu haivuji tena, hata nikipanda Kitonga

Nimeendesha semi kati ya Dar na Tunduma miaka kumi na sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimaliza pakiti ya sigara kwa siku, siku za foleni ya mpakani hata moja na nusu. Nyumbani ni Uyole, Mbeya. Nilihamia sigara ya umeme, hii wengi wanaiita vepu, kwa sababu kifua kilianza kukoroma usiku hadi utingo wangu akawa ananiamsha kuniuliza kama niko salama. Kama hujawahi kuvuta sigara, haya hayakuhusu, na usianze. Nikotini ni nikotini, hata ikinukia embe. Naandika kwa ajili ya aliyeacha moshi kama mimi na sasa anahangaika na podi, kile kijitangi cha plastiki cha maji ya vepu kinachokaa juu ya betri, inayovuja, kwa sababu mimi nilihangaika karibu mwaka mzima na ushauri niliopewa ulikuwa mbovu kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa hivi. Natoka Dar podi ina nusu, nje kavu, ladha tamu. Nafika Iringa mfuko wa shati umelowa, una utelezi kama wa sabuni, na ukivuta unapata tone chungu ulimini linalowasha kama pilipili. Nafika Mbeya podi imebaki robo na sijavuta hata kidogo njiani. Nikiwa Dar siku tatu nasubiri mzigo, haivuji. Nikirudi nyumbani, inavuja. Muuza duka wa Dar aliniambia navuta kwa nguvu. Nikapunguza nguvu, ikavuja. Mwingine akaniambia nimeuziwa feki, nikanunua nyingine kwa elfu thelathini na kitu. Nayo ikavuja, tena palepale, kwenye mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa.

Ushauri ulionigharimu zaidi ni wa dereva mwenzangu tuliyekaa naye pale mizani ya Makambako. "Suka, hiyo maji yako ni nyepesi. Tia glisirini iwe nzito, haitapita." Maneno yalikuwa na mantiki kabisa, kwa sababu kweli maji ya vepu yametengenezwa kwa vitu viwili vikubwa, propilini glaikoli ambayo ni nyepesi na glisirini ambayo ni nzito, halafu nikotini na ladha juu yake. Basi nikaingia duka la dawa Mafinga, nikanunua kichupa cha glisirini ya kupaka ngozi, elfu mbili au tatu, sikumbuki. Nikachanganya nusu kwa nusu kwa bomba la sindano. Ikawa nzito kama asali ya Tabora, unainamisha podi na povu la hewa linapanda taratibu kama limechoka. Siku mbili haikuvuja hata tone. Nikampigia simu yule mwenzangu kumshukuru.

Siku ya tatu ilikuwa Julai, alfajiri, nimelala garini Makambako. Wanaopajua wanajua baridi ya pale mwezi wa saba, upepo unatoka upande wa Njombe na unapita hata kwenye kioo kilichofungwa. Nikaamka, nikavuta moja ndefu. Nilichokipata si mvuke. Ilikuwa kama kumeza kitambaa kinachoungua. Nilikohoa mpaka machozi, utingo akafungua mlango akidhani gari linashika moto. Nilipoipasua ile podi kwa wembe nikaona sababu kwa macho yangu. Ndani ya koili kuna kipande cha pamba kilichozungushiwa waya, na waya ndio unaopata moto. Pamba inatakiwa iwe imelowa wakati wote. Glisirini ikipoa inazidi kuwa nzito, ikashindwa kupenya kwenye pamba, waya ukapata moto mkavu. Pamba yangu ilikuwa nyeusi tii katikati, pembeni rangi ya majani ya chai, na imekauka hadi inavunjika.

Shemeji yangu ni muuguzi. Nilipomsimulia, hakucheka. "Shemeji, kitu cha kupaka ngozini unakipeleka kwenye mapafu?" Kumbe glisirini za kupaka nyingi zina manukato na vingine ambavyo havikupimwa kwa kuvutwa. Na alinikazia jambo lingine, kwa sababu nilimwambia kuna mtu Mafinga alinishauri niongeze tone la mafuta ya mkaratusi kwa ajili ya kifua. Mafuta ya aina yoyote, iwe mkaratusi, karafuu au alizeti, hayaingii kwenye vepu. Mafuta hayatoki kwenye mapafu kama mvuke unavyotoka. Akanisimulia yaliyotokea Marekani mwaka 2019, watu walivyougua mapafu, wengi wao wakiwa wamevuta katriji zenye bangi zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E. Hadi Februari 2020 wagonjwa zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa, waliokufa wakiwa 68. Yule wa Mafinga bado anatoa ushauri wake, na kila nikimkuta namwambia anyamaze.

Sasa betri. Watu wanadhani kuvuja ni hasara ya maji tu. Hapana. Chini ya podi, pale inapokaa kwenye betri, kuna vituo viwili vya shaba, na katikati yake kuna kitundu kidogo. Ndani ya kitundu hicho kuna kihisi kinachojua kwamba umevuta, ndipo kinawasha. Vepu yangu haina kitufe, inategemea kihisi hicho peke yake. Siku moja napanda Mlima Nyoka, karibu kabisa na nyumbani, nikahisi kifua kinapata joto. Taa ya vepu inawaka yenyewe mfukoni. Maji yalikuwa yameingia kwenye kitundu, kihisi kikaona kama navuta bila kukoma. Niliivuta podi ikatoka kwenye betri kwa mkono mmoja, mwingine umeshika usukani, nikaitupa kwenye dashibodi. Ingekuwa nimelala ingeniunguza.

Nikaipeleka kwa fundi simu wa Mwanjelwa, mjini Mbeya. Akaniambia niiweke juani siku nzima, au yeye aipulize kwa ile mashine ya hewa ya moto wanayoyeyushia risasi. Akapuliza. Kesho yake betri imetuna, ganda limeachia pembeni. Betri hizi ni za lithiamu, sawa na za simu, na lithiamu haipelekwi motoni. Nilimwachia palepale, sikutaka hata kurudi nayo nyumbani kwenye watoto.

Betri iliyofuata ilipopata maji nilifanya mwenyewe. Pamba ya masikio, spiriti kidogo tu, nafuta vituo vya shaba mpaka pamba itoke nyeupe. Kile kitundu sikichokoi. Nageuza betri kitundu kiangalie chini juu ya tishu, nailaza hivyo usiku mzima kivulini. Siichaji mpaka ikauke. Mpaka leo inafanya kazi. Na kuchaji natumia chaja ya zamani ya simu ya batani, ile ndogo ya ampea moja au chini ya hapo, maana betri ya vepu ni ndogo na chaja za kasi za simu za siku hizi ziliifanya ipate joto. Nachaji nikiwa macho. Sichaji nikiwa nimelala garini, hilo sina mjadala nalo.

Lakini kwa nini ivuje Kitonga na siyo Dar? Jibu alinipa binti yangu, yuko kidato cha tatu, na wala hakuwa anazungumzia vepu. Nilimletea krispi kutoka Dar. Akaishika pakiti akasema, "Baba, ona ilivyojaa, huku hewa ni nyepesi." Pakiti ilikuwa imevimba kama mpira. Nikakumbuka chupa za maji. Dereva yeyote wa njia hii ameona: unakunywa maji Mbeya, unafunga chupa tupu, ukifika Morogoro imebonyea yenyewe kama imekaliwa. Miaka kumi na sita naiona chupa hiyo kwenye kabati la mlango na sijawahi kujiuliza. Nikamwambia, "Mama, nieleze vizuri." Akachukua daftari akanichorea. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Dar iko baharini. Mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Hewa uliyoifungia Dar ikifika huku inatanuka kwa kama sehemu moja ya tano. Kwenye pakiti inavimbisha. Kwenye podi, plastiki haivimbi, kwa hiyo hewa inasukuma maji yatoke kwa njia pekee iliyopo, kwenye pamba ya koili.

Nilikaa kimya kidogo. Halafu nikapiga hesabu. Podi yangu inabeba mililita 2. Ikiwa nusu, ndani kuna mililita 1 ya hewa, inatanuka, inasukuma nje mililita 0.2. Hayo ni matone manne mazima, yote yanaelekea kwenye betri. Ikiwa imejaa na povu la hewa ni dogo kama mililita 0.2, kinachosukumwa hakifiki hata tone moja. Kumbe podi nusu ndiyo mbaya kuliko zote, na mimi kila safari nilikuwa naondoka Dar na podi nusu, nikijua ndiyo salama!

Safari iliyofuata nilipima. Nilichukua podi mbili mpya, moja nikaijaza, moja nusu, nikazifunga kila moja na tishu nyeupe, nikaziweka wima ndani ya kopo la vidonge, mbali na betri. Sikuzigusa. Nilipanda Kitonga asubuhi, nyuma ya malori mawili yanayotambaa, kona kwa kona, na akili yote iko kwenye lile kopo. Ilula nikapaki karibu na akina mama wa nyanya, nikafungua. Tishu ya podi nusu ilikuwa na doa la rangi ya asali, pana kama sarafu ya shilingi mia. Ya podi iliyojaa ilikuwa na alama ndogo kama kichwa cha kiberiti. Utingo akaniuliza, "Suka, vipi tena?" maana nilikuwa nacheka peke yangu barabarani.

Kuanzia hapo mpango ni huu. Najazia nyumbani Uyole, nateremka nayo Dar. Ukiteremka, hewa ya nje inazidi nguvu, inaingia ndani badala ya kutoka, haivuji. Kurudi, ama podi imekwisha kabisa ama nimeijaza. Nikifika Ruaha Mbuyuni naichomoa kwenye betri. Podi inaingia koponi mdomo chini, koili juu, ili hewa ndiyo iguse koili na ndiyo itoke, maji yabaki yametulia upande wa mdomo. Kitonga yenyewe inataka mikono miwili, sivuti pale hata kidogo. Ilula nailaza ubavu, nainua ukucha wa kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la kujazia, nasikia kama pumzi fupi ya mtoto, nafunga hapohapo. Ukikiacha wazi unaharibu, maana podi ikiwa imefungwa hewa ya nje haiingii juu ya maji, na hilo ndilo linaloyashikilia yasishuke.

Kujaza kwenyewe, wengi wanakosea mahali pawili. Wanamimina kwenye tundu la katikati, ambalo ni njia ya mvuke. Na wanagandamiza kifuniko kwa nguvu, kile kifuniko ni kama pistoni, unasukuma maji mwenyewe kwenye koili halafu unalaumu podi. Kibonyeze taratibu, upande mmoja kwanza, podi imelala. Naacha povu dogo, kama punje ya mahindi. Podi mpya nasubiri dakika kumi kabla ya kuvuta ili pamba ilowe, na miezi ya baridi nasubiri hata robo saa na kichupa nakiweka mfuko wa ndani wa koti kipate joto la mwili. Maji yangu ni nusu propilini glaikoli na nusu glisirini, yanauzwa hivyo na yameandikwa hivyo kwenye chupa. Yale ya sabini kwa thelathini, glisirini ikiwa nyingi, ni ya mashine kubwa, usiyalete kwenye podi ndogo. Ikikoroma, ichomoe, ifunge na tishu, ikung'ute mara mbili tatu kama nesi anavyokung'uta kipimajoto.

Kichupa kinakaa kwenye boksi la vifaa vya gari, lenye kufuli, kwa sababu nikotini ya maji ni sumu na mdogo wa yule binti ana miaka minne na kila kinachonukia embe anataka kukionja. Ikimwagika mkononi naosha saa hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilifika Uyole saa nne usiku, mvua inanyesha. Mke wangu akachukua shati kulipeleka kwenye beseni, akapitisha vidole kwenye mfuko kama anavyofanya siku zote kabla ya kuloweka, akaninyooshea. Mkavu. "Baba, umeacha?" Nikamwambia bado, lakini kichupa cha sasa ni cha miligramu 10 za nikotini kwa mililita, nilianza na 20, na hiki kikiisha nachukua cha 6.