Tulipitia Feltham kwanza

Tikiti nne tulizinunua mwishoni mwa 2019, za kuiona bendi ya Queen London mwezi Juni 2020. Corona ikaingia. Onyesho likasogezwa mwaka, likasogezwa mwaka mwingine, na asubuhi tuliyoondoka Leicester, Juni 2022, mwenzetu mmoja alikuwa ameshahamia tena Unguja kumuuguza mama yake. Tikiti yake alimwachia bintiye wa miaka 16, anayesoma huku na kukaa kwa shangazi yake.

Huyo mwenzetu ni seremala. Ndiye aliyetuambukiza mapenzi ya bendi hii tangu ujanani, na sababu yake haikuwa uimbaji. Ilikuwa gitaa. Mwaka 1963 Brian May, mpiga gitaa wa Queen, wakati huo kijana wa shule, alianza kulichonga nyumbani pamoja na baba yake: shingo yake ni mbao iliyotolewa kwenye meko kuukuu, springi zake ni za valvu za pikipiki, na mkono wa kutikisia nyuzi una ncha ya sindano ya kufumia. Analipiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita, si kwa kidude cha plastiki. Mwenzetu alikuwa akituhadithia hayo huku anapiga randa, kama anayemsifu fundi wa mtaa wa pili.

Kutoka St Pancras tulikwenda Waterloo, tukapanda treni ya Feltham, pembezoni mwa London, nusu saa na kitu. Wazo lilikuwa langu. Mimi ni wa Shangani, Unguja, na Farrokh Bulsara, mwimbaji wa Queen ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikaondoka, kijana ana miaka 17, wakafikia hapa Feltham.

Nyumba ni ndogo, imebanana na za jirani, na ukutani pana kibao cha buluu kilichowekwa Septemba 2016. Ndege za Heathrow zilikuwa zikinguruma juu yetu. Mwenzangu wa Malindi ya Unguja alisimama upande wa pili wa barabara muda mrefu, kisha akasema, "Yakhe, utoke baharini uje hapa." Sote tumeshuka kwenye ndege tukiwa na sanduku moja, kwa hiyo hakuna aliyemjibu. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba Brian naye alilelewa Feltham, hatua mia kadhaa tu kutoka pale, na wakati huo hawakujuana.

Tulikula katlesi zetu kwenye benchi, tukarudi Waterloo, tukashika treni ya chini ya ardhi, njia ya Jubilee, hadi North Greenwich. Ukumbi wa O2 ni kama hema jeupe kubwa mno, na milingoti 12 ya manjano imechomoza juu yake. Ndani ni watu maelfu, wengi wana mvi kama sisi.

Brian alikuwa na miaka 74, Roger Taylor nyuma ya ngoma 72. John Deacon, mpiga besi, alistaafu zamani. Anayeimba ni Adam Lambert, Mmarekani mwenye sauti ya ajabu, na nilimpenda kwa sababu hajigeuzi Freddie. Anaimba kwa namna yake, wazee wanamtazama kwa furaha ya wazi. Siwezi kukubaliana na wanaosema bendi ilipaswa kufungwa 1991, alipofariki Freddie. Waliokuwepo ukumbini walisikia ngoma za Roger zikipiga kifuani.

Kisha taa zikazimwa, Brian akaja peke yake mbele kabisa na gitaa la mbao tupu, akaketi kwenye kiti. Nywele zake zilizojikunja zote nyeupe. Akaanza wimbo wa mapenzi wa taratibu, ukumbi mzima ukamwimbia. Kufika mwishoni, Freddie akatokea kwenye skrini, akamalizia yeye. Brian aligeuka kumtazama. Nililia, na sikuwa peke yangu. Mwenzangu wa Mkunazini alikuwa amenishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma.

Binti hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kulia wa Brian kila aliporudi na gitaa lake jekundu, lile alilolichonga na baba yake.

Saa tano na nusu usiku, tukiwa nje tunasubiri watu wapungue mlangoni mwa stesheni, alimpigia baba yake. Unguja ilikuwa saa saba na nusu. Simu ilipokelewa mara moja.

"Enhe, mwanangu. Bado anapiga kwa sarafu?"

"Ndiyo, baba. Nimeiona kwenye skrini, inameremeta."

Upande wa pili kukawa kimya kidogo. "Hebu nielezee," akasema, "anaishika vipi?"

Binti akatoa kadi yake ya treni mfukoni, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kumweleza.