Kupunguza wanga: wiki ya kwanza ndiyo ngumu

Wengi hapa Dar wanaoacha ugali na wali hukata tamaa siku ya tatu au ya nne: kichwa kinauma, miguu inalegea. Chanzo kikubwa ni chumvi. Mwili ukikosa wanga hutumia akiba iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hutoka na maji mengi. Unakojoa mara kwa mara, chumvi inaondoka. Joto letu nalo linaongeza jasho. Kunywa supu ya samaki au kuku yenye chumvi, kikombe kimoja au viwili kwa siku. Mwenye presha amuulize daktari kwanza.

Ukijiwekea kikomo cha gramu 50 za wanga kwa siku, huisha upesi: kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban 45. Jaza sahani mchicha au matembele, changu wa kukaanga, parachichi. Chipsi mayai usiihesabu kama mayai, jamani. Viazi ndivyo vingi. Mihogo, magimbi na ndizi za kupika ni wanga uleule.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asianze kabla daktari hajapitia dozi yake, maana sukari inaweza kushuka ghafla.