Barafu Yangu Haina Samaki: Siku Moja ya Mpigapicha wa Wavuvi, Mtwara

Saa kumi na moja alfajiri nilitoka nyumbani Shangani nikiwa na koti la mtumba, kamera ya zamani na mikanda miwili, kila mmoja wa picha 36. Ilikuwa Julai, kipupwe kimekolea na kusi limevuma usiku kucha. Hata hivyo ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nami hupanga kazi yangu kwa kuutazama mwezi wa angani. Nilivuka kwenda Msanga Mkuu pamoja na wachuuzi wa samaki, ambao siku hizi wamechoka kuniuliza natafuta nini.

Natafuta wavuvi, tena kwa picha zisizo na rangi. Wazimu huu niliupata kwenye picha za wavuvi wa Ziwa Baikal, kule Urusi, ambako maji huganda tangu Januari hivi hadi Mei, na watu hutoboa tundu kwenye barafu wakaketi juu ya ziwa, mshipi mkononi. Katika picha hizo dunia yote ni nyeupe na binadamu ni doa jeusi lililojikunyata. Kwetu maji hayagandi, ila bamvua likikupwa, mchanga hubaki mtupu hadi mbali, uking'aa, na mvuvi anayeuvuka akiwa na nyavu begani huwa doa lilelile.

Saa moja hadi saa nne nilipiga picha. Wanaodhani kuondoa rangi ni kupunguza kazi wangekuwapo: kipimamwanga huchukulia kwamba kila kinachokiona ni kijivu, kwa hiyo mbele ya mchanga mweupe, kama mbele ya theluji, hushauri mwanga uwe mdogo, na ukikitii, mchanga unafifia na uso wa mvuvi mweusi unapotea kabisa. Dawa yake ni kusogea na kuupima uso wenyewe.

"Mwanangu, unanipimia suti?" aliuliza nahodha mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee. Napima mwanga tu."

"Marahaba. Basi upime upesi, maji hayakungoji wewe."

Nilirudi kupitia feri kununua barafu. Dawa ya kusafishia mkanda hutaka nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya Mtwara hayashuki hadi hapo hata kipupwe. Muuza barafu hucheka kila mara: kaka, samaki wako wako wapi?

Saa nane nilijifungia bafuni, kanga nimeiziba chini ya mlango, nikaanza kuuzungushia mkanda kwenye kigurudumu chake gizani, maana mwanga huuharibu, kazi inayotaka vidole vikavu, kwani jasho kidogo tu huufanya unate. Nilikuwa nusu ya safari mlango ulipogongwa. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni aliyeagiza picha kubwa ya madau.

"Fundi, umelala mchana wote huu?"

"Sijalala, bosi. Nipo gizani kikazi, siwezi kufungua."

"Ile picha hujaimaliza. Haina bahari."

"Bahari imo."

"Bahari ni ya bluu, fundi. Wageni watadhani nimetundika picha ya msiba."

Nilimweleza kwa upole, kupitia ubao wa mlango, kwamba sampuli aliiona na kuisifu kabla hajalipa malipo ya awali. Akajibu kwamba aliisifu kwa adabu. Akapendekeza niipake bluu kidogo, sehemu ya maji tu. Wakati huo mkanda ulikuwa umenata, nikalazimika kuufungua wote na kuanza upya, huku jasho likinitiririka hadi viwikoni. Kisha, kwa kuwa nilinyamaza, akamulika tochi ya simu chini ya mlango ahakikishe kama kweli nimo. Ile kanga, Mungu aibariki, ilikuwa nene. Aliondoka baada ya kuahidiwa mazungumzo, si bluu.

Baada ya hapo saa sikuziangalia. Dakika saba na nusu za dawa nikitikisa mkebe ndani ya beseni la barafu, kisha dawa ya kukazia, kisha suuza na suuza tena, mgongo ukiuma. Nilipoutundika mkanda kwenye kamba, adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita. Picha tatu za mwanzo zilikuwa na mikwaruzo. Ya kumi na tisa ilikuwa ya nahodha, na mikunjo ya uso wake inahesabika. Nitamchapia nakala yake kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Kesho maji yatakupwa kama dakika 50 baadaye kuliko leo. Nimesogeza kengele ya simu kwa dakika 50.